Kupiga Picha za Majabali kwa Jua la Kipupwe, Kuanzia Mama Ngina hadi Marafa

Jua la kipupwe hapa Mombasa hupita upande wa kibla. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini mwetu. Ukielekea kibla mwezi wa Juni au Julai, saa sita na nusu mchana, jua liko usoni na kivuli chako kiko nyuma. Anayetaka kupiga picha za mawe, liwe genge la matumbawe la Mama Ngina, ufukoni hapa kisiwani, au korongo la Marafa kule Kilifi, namwomba aanze na jambo hili kabla hajauliza bei ya lenzi. Mihrabu ya msikiti wa mtaani kwenu ni dira tosha: wakati huu wa mwaka, ukuta unaotazama upande ule hupata jua, na ukuta unaotazama kusini haulioni hata kidogo.

Kazi inayonilisha ni picha za harusi. Siku ya kupamba, ukumbini huwa wanawake watupu, hivyo sisi wapiga picha wa kike tuna shughuli tele, na huko ndiko nilikojifunza taa. Hina mbichi ikiwa bado imesimama juu ya mkono wa biharusi, ukiimulika kwa mbele utapata doa jeusi tu. Isogeze taa pembeni, ishuke kidogo, na kila ua na kila kikonyo kitajitokeza kwa sababu kimepata kivuli chake. Jabali nalo ni hivyo hivyo. Mikwaruzo ya mvua, vishimo vya chumvi, matabaka ya mchanga ulioshikana na kuwa jiwe, vyote vina kina kidogo sana, na kamera haivioni mpaka mwanga uvijie kwa ubavu. Kwa hiyo unapotafuta mahali pa kusimama, usitafute jiwe zuri. Tafuta kivuli kizuri, kisha uone jiwe gani limekileta.

Wapiga picha wa majangwa ya mbali husifu sana mwezi wa Desemba na Januari, na wana haki. Wadi Rum, kusini mwa Jordan, jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba hufika nyuzi 37 hivi juu ya upeo wa macho. Moab, katika jimbo la Utah kule Marekani, halipiti nyuzi 28. Mtu wa huko anaweza kupiga picha tangu chai ya asubuhi hadi jioni, na saa zote hizo mawe yana vivuli virefu. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Hata tarehe 21 Juni, adhuhuri ambayo jua letu huwa chini kuliko adhuhuri zote za mwaka, bado liko nyuzi 62. Basi ukisikia ushauri wa kupiga kutwa nzima wakati wa baridi, jua kwamba ni wa watu wa huko. Sisi kipupwe hutupa mambo mengine: mwanga wa mshazari kutoka kaskazini, vumbi lililolazwa na mvua za masika, mawingu ya kusi yanayopita na kufungua, na joto ambalo mtu analiweza akiwa na mkoba mgongoni.

Lipo pia jambo la kasi. Jua letu hupanda na kushuka karibu wima. Saa moja baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 13 au 14, na rangi ile ya dhahabu imeshaanza kupauka. Huna nafasi ya kutafuta mahali jua likiwa tayari limefika. Mahali patafutwe siku ya nyuma, au mchana ule ule mwanga ukiwa bado mbaya.

Kupima wakati

Natumia kivuli changu mwenyewe. Simama wima mahali tambarare, kisha upime kivuli chako kwa nyayo. Mtu mzima ana urefu wa kama nyayo zake sita hadi saba. Kivuli kikilingana na wewe, jua liko nyuzi 45, bado mapema. Kikiwa mara mbili yako, limeshuka hadi nyuzi 27 hivi: simamisha tripodi, yaani ile miguu mitatu ya kamera, funga lenzi unayoitaka, piga moja mbili za kujaribu. Kikifika mara nne, umebakiwa na saa moja hivi kabla ya magharibi, na hiyo ndiyo saa uliyoijia. Kuanzia hapo usizungumze sana na mtu.

Kalenda ya sala inayobandikwa misikitini ni ratiba nzuri mno ya mpiga picha, na iko bure. Mwezi wa Juni jua la Mombasa huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi jioni. Na alasiri, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi hapa Pwani, huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukijumlisha kile kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Wakati wa kipupwe kivuli cha adhuhuri ni kama nusu ya kitu. Kwa hiyo adhana ya alasiri inapolia, kivuli chako ni kama mara moja na nusu yako, na jua liko karibu nyuzi 33. Mimi husali, hunywa maji, kisha hutoka. Nikifika mahali pangu, kivuli huwa kinakaribia mara mbili.

Jizoeze na matumbawe kwanza

Usiende Marafa kabla hujapiga genge la Mama Ngina vya kutosha. Liko hapa hapa kisiwani, wauza madafu na mihogo wako karibu, na ukikosa leo utarudi kesho. Mwamba ule ni matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya maji zama bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mawimbi yameula chini, sehemu ya juu imetokeza nje, na katikati kuna mapango madogo, ncha kali na vishimo visivyo na hesabu.

Genge linatazama kusini-mashariki. Mwezi wa Julai jua huchomoza mashariki ikielekea kaskazini, kwa hivyo mwanga wa asubuhi haulipigi usoni bali hulipapasa kwa ubavu, na kila kishimo kinapata ukingo mmoja mweupe na mmoja mweusi. Ukija Januari, jua linachomoza mashariki ikielekea kusini, linaligonga genge karibu uso kwa uso, na jiwe lile lile linaonekana bapa. Simama mahali pamoja, piga picha moja Julai na moja Januari, uziweke kando kwa kando. Picha hizo mbili zitakufunza kuhusu mwanga kuliko siku nzima ya kusikiliza maelezo, yakiwemo haya yangu.

Asubuhi za kipupwe mara nyingi huwa na ukanda wa mawingu juu ya bahari, na jua huuvuka ukanda huo likiwa limechelewa. Usikate tamaa ukiona kumepambazuka bila jua. Subiri, linapotokea juu ya mawingu bado liko chini vya kutosha. Kusi huleta mawimbi makubwa na mvuke wa chumvi, na chumvi hukaa kwenye lenzi bila wewe kuiona mpaka picha ziwe na ukungu. Usiifute kikavu, itakwaruza kioo. Lowesha kitambaa laini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ufute, ndipo ukaushe kwa kitambaa kingine. Kushuka chini ya genge ni wakati maji yanatoka tu, na umuulize mvuvi yeyote aliye pale maji yanarudi saa ngapi. Na tafadhali, lenzi isielekee kivuko cha Likoni wala bandari. Kupiga picha kwenye feri ni marufuku, na asubuhi yako itaishia kwa maelezo marefu.

Fort Jesus nayo ni darasa zuri. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na upande wa bahari unaweza kuona mahali mwamba wa asili unaishia na ukuta wa kujengwa unaanza. Asubuhi piga upande wa bahari, jioni upande wa bara. Kabla ya kusimamisha tripodi ndani, uliza langoni.

Marafa

Kwa sisi tulio Mombasa, jabali lenye sura ya jangwa lililo karibu zaidi ni korongo la Marafa, katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Wenyeji huliita Nyari, wageni hulijua kama Hell's Kitchen. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi. Kisha unavuka mto Sabaki na kuendelea bara. Matatu za kurudi jioni si za kutegemea, kwa hivyo ama upange gari litakalokusubiri hadi giza, ama utafute pa kulala karibu. Kulala ni bora, kwa sababu utapata jioni moja na asubuhi moja, na korongo hili lina sura mbili tofauti kabisa.

Mawe yake ni ya mchanga, laini, yaliyochongwa na mvua na upepo hadi yakabaki nguzo, minara na kuta zenye mikunjo. Rangi zake zimepangana kwa matabaka: nyeupe, waridi, machungwa, nyekundu iliyokolea. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na boma la matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi mno hata wakawa wanakoga maziwa, Mungu akaghadhibika na boma zima likadidimia. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Ukisimuliwa hivyo papo hapo ukingoni, macho yako yatakwenda yenyewe mahali weupe na wekundu vinapokutana. Hapo ndipo pa kuweka picha yako. Ukuta mwekundu mtupu hauna cha kushika jicho, na mweupe mtupu vilevile, lakini mpaka kati yao hupinda, hukatika, huzama na kutokea tena, na unaweza kuufuata kwa lenzi saa nzima.

Wenyeji wenyewe ndio wanaolisimamia korongo. Lipa kiingilio, chukua kiongozi, na umwambie mapema kuwa utakaa sana ili asiwe na haraka. Swali langu kwa kiongozi ni hili: "Kaka, jua linapozama, ukuta upi hubaki mwekundu mwisho?" Yeye anakaa hapo mwaka mzima, analijua jibu bila kufikiri. Hesabu nayo itakuonyesha njia: mwezi wa Juni jua huzama magharibi ikisogea kaskazini kwa nyuzi 23, kwa hivyo kuta zinazotazama huko ndizo zinazoaga mwisho.

Mahali pa kusimama pako hivi. Ukilipa jua mgongo, mawe yote yatang'aa sawasawa, hayatakuwa na umbo, na kivuli chako mwenyewe kitaingia ndani ya picha. Tembea ukingoni mpaka jua liwe begani. Jioni ya kipupwe, ukielekea kibla au kulia kwake kidogo, jua liko bega la kushoto. Asubuhi, kibla hiyo hiyo au kushoto kwake kidogo, liko bega la kulia. Nguzo zikiwa nusu mwanga nusu giza, umefika. Punguza mbingu. Mbingu tupu ya mchana haina kazi kwenye picha ya jiwe, na wengi huipa nusu ya fremu bila sababu. Mimi huchukua lenzi ndefu, milimita 70 hadi 200, na kukata kipande kimoja cha korongo: minara mitatu na vivuli vyake vikilalia ukuta wa nyuma. Lenzi pana ionyeshe ukubwa wa mahali mara moja, kisha irudi mkobani.

Kingo ni laini na nyingine zimeliwa chini, na ukiwa juu huwezi kujua. Kaa mbali nazo. Usikanyage migongo ya nguzo kwa ajili ya picha. Hatua moja huvunja kilichochukua mvua nyingi kuchongwa, na atakayekuja baada yako hatakikuta. Mvua ikinyesha, usishuke. Lakini siku inayofuata nenda, maana jiwe lenye unyevu hukoleza rangi, na nyekundu ya siku hiyo huipati wakati wa ukame.

Mchana usiupoteze wote kitandani. Shuka na kiongozi hadi kwenye mianya myembamba, ubebe maji mengi kwa kuwa chini ni joto kali. Jua la juu linapopiga ukuta mmoja, mwanga huruka na kuangukia ukuta wa pili ulio kivulini, ukiwa umeshabeba wekundu wa jiwe. Ukuta huo wa kivulini huwaka rangi ya machungwa, laini, bila weusi mkali. Piga huo wa kivulini peke yake. Usiingize hata kipande kidogo cha ukuta wenye jua, wala mbingu. Kikiingia, kitageuka doa jeupe na kuharibu kila kitu.

Kamera yenyewe

Hapa si pa kukaa sana. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, tripodi, na saa ya kamera ya kuchelewesha sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Kusi ikivuma, tundika mkoba kwenye tripodi na usiinue nguzo yake ya katikati. Hifadhi faili ghafi, zile za RAW ambazo kamera haijazichakata.

Mambo mawili ndiyo yanayoharibu picha za mawe mekundu. La kwanza ni rangi ya mwanga. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, huona wekundu mwingi, hudhani ni kosa, huuondoa. Weka kwenye alama ya jua, takriban kelvini 5,200 hadi 5,500, na uiache hapo hadi usiku. La pili ni wekundu kufurika. Jua la jioni limepoteza buluu yake njiani katika hewa, linaangukia jiwe ambalo lenyewe ni jekundu, na rangi hiyo hujaa kabla ya nyingine. Fungua histogramu ya rangi tatu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha mwanga, si ile ya kijivu, na ukiona nyekundu imegonga ukingo wa kulia punguza mwanga kwenye kipimo cha kamera, -0.7 au hata -1. Tabaka jeupe nalo likiwa juani huungua upesi, kwa hivyo pima kwa hilo na uache vivuli viwe vyeusi kidogo.

Kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, hufanya kazi zaidi jua likiwa begani, ambapo ndipo tulipo tayari. Kizungushe polepole, huondoa mng'ao juu ya jiwe lenye unyevu na kuacha rangi yake. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, toa kamera nje ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kabla ya kuitumia, vinginevyo kioo kitavaa umande na jua halitakungoja.

Mwenye simu asijione mdogo. Tumia lenzi ya mara mbili au mara tatu badala ya ile pana. Gusa sehemu yenye mwanga zaidi kwenye kioo cha simu, ushikilie mpaka ijifunge, kisha teremsha kidole ili picha iwe nyeusi kidogo kuliko unavyoona kwa macho. Acha vichujio vya rangi vilivyo tayari. Vingi vimetengenezwa kwa ajili ya nyuso na chakula, na jiwe huligeuza plastiki.

Jua likishazama wengi hukunja vitu na kukimbilia gari. Mimi husali magharibi pale pale, kisha hurudi kwenye tripodi, na shafaki inakuwa bado ipo. Kwetu haikai sana: baada ya dakika ishirini hivi mwanga wa kufaa umekwisha. Lakini katika dakika hizo hakuna kivuli kikali tena, matabaka meupe huchukua waridi ya mbingu, na mekundu hutulia hadi rangi ya hudhurungi. Shata iache wazi sekunde kadhaa, hata kumi. Ndizo picha ninazozipenda kuliko zote za korongo lile, na karibu kila mara ninazipiga nikiwa peke yangu na kiongozi.

Nyumbani, kwenye kompyuta, usiongeze wekundu. Kaza tofauti ya mwanga na kivuli kidogo, fungua vivuli kidogo kuliko unavyotamani, basi. Ukitaka kuning'iniza picha ukutani, chapisha kwenye karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa itaakisi taa ya sebuleni na kuziba vivuli vyote ulivyovihangaikia. Mwambie fundi wa fremu aache nafasi kati ya picha na kioo, kwa kuwa unyevu wa Mombasa huigandisha karatasi kwenye kioo, na ikishaganda haibanduki salama.